Aliyekwama ni mgeni wetu: Funzo la manowari Peacock na ahadi ya Sayyid Said

  

Sisi wakazi wa Arusha tumezoea habari za mikataba. Mji wetu huu ulio chini ya Mlima Meru umewapokea wakubwa wa mataifa mara nyingi. Hapa ulitiwa saini mkataba wa amani ya Rwanda tarehe 4 Agosti 1993. Hapa ulitiwa saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 30 Novemba 1999, na hapa pia ule wa amani ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000. Tumeona misafara ya magari, bendera na mikono ikipeanwa mbele ya kamera. Lakini tumeona vilevile, kwa machungu, kwamba wino haumzuii mtu kutenda uovu. Mkataba ule wa mwaka 1993 haukutimiza hata mwaka mmoja kabla ya Rwanda kuzama katika mauaji ya kimbari ya Aprili 1994, na mashauri ya mauaji hayo yakaja kusikilizwa katika mji huu huu.

Basi mkataba hujulikana uzito wake siku gani? Si siku ya sherehe. Hujulikana siku ambayo mmoja wa waliotia saini amepatwa na mkasa, hana nguvu, na mwenzake anaweza kumgeuka bila ya kuogopa chochote. Napenda leo tuitazame siku ya namna hiyo, iliyowafika watu wa manowari moja ya matanga ya Marekani iliyofika hadi Unguja, kisha tujitazame sisi wenyewe.

TAUSI ALIYEZALIWA VITANI

Manowari hiyo iliitwa Peacock, yaani Tausi. Iliundwa New York mwaka 1813, wakati Marekani ikipigana na Uingereza katika vita vilivyoanza mwaka 1812. Haikuwa kubwa kwa kipimo cha manowari za zama zile, lakini ilikuwa nyepesi na ilibeba mizinga 22. Aprili 1814, ikiwa chini ya nahodha Lewis Warrington, iliiteka manowari ya Kiingereza Epervier karibu na pwani ya Florida. Baadaye ikavuka Atlantiki kwenda kuwinda meli za biashara za Waingereza karibu na kwao, na nahodha wake akawa mtu mashuhuri nyumbani.

Lakini sifa za vita zina kivuli chake. Tarehe 30 Juni 1815, katika mlango wa bahari wa Sunda kati ya Java na Sumatra, Peacock ilikutana na jahazi dogo la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki liitwalo Nautilus. Amani ilikuwa imekwisha kupatikana tangu Februari mwaka ule. Nahodha wa Nautilus alimfahamisha Warrington hivyo. Warrington akamtaka ateremshe bendera yake iwe ndiyo ishara ya amani. Mwenzake akakataa kujidhalilisha, na mizinga ikalia. Watu wakafa na nahodha yule akajeruhiwa vibaya, katika vita ambavyo havikuwepo tena. Ilipothibitika kuwa habari ya amani ni ya kweli, Warrington aliliachia jahazi, lakini roho zilizotoka hazikurudi.

Muislamu anaposoma kisa hiki hukumbuka mafundisho mawili ya Qur'ani Tukufu. La kwanza limo katika Suratul Hujurat, linalotuamuru kuzichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukawa wenye kujuta. La pili limo katika Suratul Anfal, kwamba adui akielekea kwenye amani nasi tuielekee, huku tukimtegemea Mwenyezi Mungu. Ni rahisi mno kwa mwenye mizinga kudai uthibitisho kutoka kwa mnyonge.

MKATABA WA MUSCAT

Mwaka 1828 Peacock ilivunjwa na kuundwa upya, ikabaki na jina lile lile. Mwaka 1832 ilipewa kazi nyingine kabisa. Ilimbeba mjumbe wa Rais Andrew Jackson, mfanyabiashara aitwaye Edmund Roberts wa mji wa Portsmouth, New Hampshire, kwenda kutafuta mikataba ya biashara katika nchi za Mashariki.

Roberts hakuwa mgeni kwetu. Miaka michache nyuma alifika Unguja kwa biashara, akaonana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akamweleza malalamiko yake juu ya taratibu za biashara. Huko ndiko lilikoanzia wazo la mkataba. Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa mji wa Salem, walitaka pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na wao walileta vitambaa vya pamba. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyoacha neno merikani katika Kiswahili chetu. Misafara iliyotoka Pangani kuja huku bara la Kilimanjaro na Meru ilibeba mizigo ya merikani, shanga na waya, na kurudi na pembe.

Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulitiwa saini mjini Muscat. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5, na kuweka mabalozi wadogo. Ubalozi wao mdogo ulifunguliwa Unguja mwaka 1837, kabla hata ya ule wa Waingereza.

Hayo ni mambo ya kawaida ya mikataba. Lisilo la kawaida limo katika kifungu cha tano, kinachohusu meli za Marekani zitakazovunjika katika pwani za Sultani. Roberts alipendekeza kwamba mabaharia watakaookolewa watunzwe, na gharama zilipwe na serikali ya Marekani. Sayyid Said alikataa. Kwake kupokea malipo kwa kumsaidia aliyepatwa na mkasa ni jambo lisilolingana na ukarimu wa Waarabu. Kifungu kikaandikwa upya: waliookoka watunzwe na wakirimiwe kwa gharama ya Sultani mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao, na mali yao itakayookolewa ihifadhiwe na wakabidhiwe wenyewe au mabalozi wao. Sababu nayo ikaandikwa humo humo, kuwa Sultani hawezi kamwe kupokea ujira kwa kumsaidia mwenye dhiki.

Ndugu msomaji, hapa mtu hukumbuka Suratul Insan, inapowasifu wale wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa kwa ajili ya radhi za Mwenyezi Mungu tu, wasitake kwao malipo wala shukrani. Nimesoma mikataba mingi katika masomo yangu, na sijakutana na mwingine ambao upande mmoja ulibishania haki ya kutolipwa.

USIKU WA MASIRA

Maneno mazuri yalikwisha andikwa. Ikabaki siku ya mtihani.

Mwaka 1835 Peacock ilirudi tena na Roberts, safari hii akiwa na mkataba uliokwisha kuthibitishwa na serikali yake, ili wabadilishane hati na Sultani. Mwanzoni mwa Septemba ilitia nanga Unguja kwa siku kadhaa, kisha ikashika njia ya Muscat. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Septemba 1835, siku ambayo mkataba ulitimiza miaka miwili kamili, manowari ile ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ya Oman.

Meli iliyokwama ni kitu kinyonge sana. Mabaharia walitupa baharini nusu ya mizinga yao ili kuipunguzia uzito. Habari ikaenea pwani, na majahazi ya watu wa huko yakaanza kukusanyika kuizunguka, si kwa kuokoa bali kwa kutazamia watakachochukua. Ile manowari iliyowatisha wafanyabiashara wa Kiingereza miaka 20 nyuma sasa ilikuwa windo. Roberts akateremka katika mashua ndogo pamoja na afisa kijana aitwaye Taylor na mabaharia wachache, wakaelekea Muscat kutafuta msaada. Walikaa baharini siku kadhaa kwenye jua kali, na kuna wakati walifukuzwa na jahazi la wanyang'anyi.

Walipofika, Sayyid Said hakuuliza ni nani atakayelipa. Aliamuru manowari yake iitwayo Sultana ijazwe maji na chakula itoke mara moja, na akatuma amri na askari waende pwani kulinda watu na mali zao. Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu mabaharia wa Peacock waliweza kuinasua meli yao baada ya zaidi ya siku mbili, na msaada ukawakuta njiani. Hati zikabadilishwa Muscat mwishoni mwa mwezi ule. Mizinga iliyotupwa majini Sultani aliamuru iopolewe, ikarejeshwa kwa wenyewe bila ya kutozwa hata senti.

Tuzingatie hapo. Mizinga ni mali ya thamani kwa mtawala yeyote. Ilikuwa chini ya bahari yake, wenyewe wameitupa kwa mikono yao na wamekwisha kuondoka. Ni nani angemlaumu kama angeichukua? Lakini alikuwa ametoa ahadi, na ahadi ni deni.

WEMA HAUOZI

Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Aprili 1840, jahazi la Sayyid Said lenye jina hilo hilo la Sultana lilitia nanga New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Lilikuwa na bidhaa za kuuza na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wa Kiarabu na lulu. Rais, kwa kufuata katiba ya nchi yake, hakuzifanya kuwa mali yake. Baraza la Kongresi liliruhusu zipokewe kwa niaba ya taifa na nyingi ziuzwe, fedha ziingie hazina. Laiti wenye madaraka wote wangeliisoma habari hiyo.

Sultana lilikuwa limechakaa kwa safari ndefu. Jeshi la Wanamaji la Marekani likalichukua katika kiwanda chake cha Brooklyn, likalikarabati na kulitengenezea matanga na kamba upya, bila malipo. Agosti ya mwaka ule likaondoka kurudi Unguja likiwa jahazi imara. Kumbe mkono uliotoa Masira ulipokelewa New York.

TUSIWATAKASE WATU

Mwandishi muadilifu hana budi kusema na upande wa pili. Sayyid Said, pamoja na muruwa wake kwa mabaharia, alitawala dola ambamo maelfu ya Waafrika walitumikishwa kama watumwa katika mashamba ya mikarafuu, na pembe zilizowatajirisha wafanyabiashara wa Salem na wa Unguja zilibebwa kutoka bara kwa vichwa na mabega ya watu waliokuwa na dhiki zao wenyewe. Hakukuwa na kifungu cha tano kwa ajili yao. Ukarimu wetu unapowafikia wageni wenye bendera na ukawapita wanyonge wa nyumbani, huo ni ukarimu pungufu.

Na Peacock nayo haikujifunza kitu, kwani meli haina moyo ila ule wa wanaoiendesha. Mwaka 1838 ilijiunga na msafara wa uchunguzi wa bahari ulioongozwa na Charles Wilkes. Ilifika hadi kwenye barafu ya ncha ya kusini, ikagongwa ikaponea chupuchupu. Aprili 1841, katika kisiwa cha Tabiteuea kilicho leo katika nchi ya Kiribati, baharia mmoja alitoweka, na nahodha wake, William Hudson, akaamuru wenyeji waadhibiwe. Watu 12 waliuawa na kijiji cha Utiroa kikateketezwa kwa moto. Wamarekani waliopokewa kwa wema walipokuwa wanyonge Masira, ndiyo bendera yao hiyo iliyochoma nyumba za wanyonge wengine miaka sita baadaye.

Miezi minne haikupita. Tarehe 18 Julai 1841 Peacock ilipanda fungu la mchanga kwenye mlango wa mto Columbia, magharibi ya Amerika, na mawimbi yakaivunja. Mabaharia wote waliokoka, wakapokewa na wakazi wa pwani ile kwa chakula na malazi. Fungu lile linaitwa kwa jina la Peacock hadi leo. Mara mbili walikwama, mara mbili wakasaidiwa na watu wasiowajua.

NA SISI JE?

Nimeyaeleza yote haya kwa sababu ya sahani ya sambusa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kumi la mwisho la Ramadhani, lori lililobeba madumu ya mafuta ya kula lilipinduka katika barabara ya Moshi, kati ya Usa River na Maji ya Chai. Jioni ile wakati wa kufuturu ililetwa sinia ya sambusa msikitini, kama ilivyo kawaida ya majirani zetu. Nilikula, nikawaombea dua walioileta. Kesho yake mwanafunzi wangu wa madrasa, mtoto wa miaka kumi, aliinua mkono akaniuliza: "Maalim, mafuta ya lori lililoanguka ni halali?"

Sikumjibu mbele ya wenzake. Nilikwenda nyumbani kwao baada ya Alasiri. Baba yake hakukana. Aliinamisha kichwa akasema: "Sheikh, kila mtu alichukua. Ningeliacha mimi, angelichukua mwingine." Nikamwambia twende wote hospitali tukamtazame dereva.

Tulimkuta mguu umefungwa. Baba yule akamweka wazi jambo lake, akatoa thamani ya dumu lile na kuomba lifikishwe kwa mwenye mali. Nami nikachangia, kwani nilikuwa nimekula. Dereva alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Mafuta ni ya tajiri, nitampa fedha zake. Lakini nilipokuwa nimebanwa niliomba maji, watu wakaniruka na madumu mikononi. Kuna aliyenivua viatu. Mzee, mimi naulizia viatu vyangu tu." Hatukuwa na jibu. Yule baba alivua viatu vyake, akavisukuma chini ya kitanda, tukarudi naye akiwa pekupeku.

Ndugu zangu, wanachuoni wetu wameeleza hukumu ya kitu kilichookotwa, kwamba kitangazwe mwaka mzima. Hiyo ni kwa kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Lori lina namba, lina dereva, lina mwenye mali. Kuchukua mzigo wake si kuokota, ni kupora, na Mtume (S.A.W.) ametukataza uporaji. Zaidi ya uharamu kuna hatari ya roho. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Tunawaombea rehma wote, wala hatusemi haya kwa kuwalaumu waliokwisha tangulia, bali kwa ajili ya watoto tulio nao.

Tunao pia mfano mwingine, wa karibu zaidi na sisi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule moja ya hapa Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva, na mji mzima ulilia katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Miongoni mwa waliosimama kuwaokoa walikuwamo wasafiri Wamarekani waliokuwa wakipita njia ile, wakafanya hima mpaka watoto wale wakasafirishwa kwenda kutibiwa Sioux City, katika jimbo la Iowa. Agosti ya mwaka ule walirudi kwao Arusha wakiwa wazima. Waliosimama sidhani kama waliwahi kusikia habari za Masira. Hawakuwa na mkataba nasi, na hawakuuliza nani atakayelipa.

Kwa hiyo nawausia wazazi wenzangu mambo ambayo yanaweza kusemwa kwenye mkeka wa chakula cha usiku. Watoto wajue kwamba penye ajali roho ya mtu ndiyo ya kwanza, na mwenye simu aite msaada kabla ya kupiga picha. Wajue kwamba mzigo uliomwagika ni amana, na mzuri wa kijiji ni yule anayeulinda mpaka mwenyewe aje. Na kikiletwa nyumbani kitu kisichojulikana kilikotoka, mama asikipike na baba asikile kabla ya kuuliza. Mtoto wa miaka kumi aliuliza. Mimi niliyesoma madrasa na chuo kikuu sikuuliza.

Yule baba bado huleta sambusa msikitini kila Ramadhani. Huniambia mwenyewe kabla sijauliza: "Sheikh, mafuta haya nimenunua Tengeru." Nami hula, nikamwombea dua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza ahadi, atulinde na ajali za nchi kavu na za bahari, awarehemu waliotangulia, na atupe nyoyo za kusimama wengine wanapokwama. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.